Warithi wa Kazi Waandaliwe Mapema

Umri wa mtumishi wa Serikali si siri. Umeandikwa katika jalada lake tangu siku alipoajiriwa, na sheria za utumishi wa umma zinaeleza kwamba anaweza kustaafu kwa hiari afikishapo miaka 55, na kwamba kwa walio wengi ni lazima afikishapo 60. Hivyo ni ajabu kwamba katika ofisi nyingi kustaafu kwa mtumishi hupokewa kama msiba wa ghafla. Karani wa masijala anaagwa kwa hotuba na zawadi siku ya Ijumaa. Jumatatu mwananchi anafika kuulizia jalada la kiwanja chake, na hakuna ajuaye lilipo, kwa kuwa utaratibu wa kabati lile ulikuwa kichwani mwa mzee aliyeondoka.

Chanzo kimoja ni kwamba Serikali imekuwa ikiajiri kwa mawimbi. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba waliingizwa katika ualimu ili kila mtoto apate elimu ya msingi. Katika miaka ya 1990 wafanyakazi wakapunguzwa na milango ya ajira ikabanwa. Kisha MMEM, mpango ulioanza mwaka 2002, ukaleta wimbi jingine la walimu. Walioingia pamoja huondoka pamoja. Mwalimu aliyeajiriwa mwaka 2002 akiwa na miaka 25 atafikisha 55 mwaka 2032, na 60 mwaka 2037. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu kutoka nje.

Wapo wakuu wa idara wanaoona kuwa dawa ni kumwongezea mzee mkataba. Kwa daktari bingwa hoja hiyo ina uzito. Lakini ikigeuzwa desturi ya kila ofisi, huwa ni kuficha uzembe wa kiongozi aliyekaa miaka 10 bila kumwandaa mtu, na ni kumfungia mlango kijana anayezunguka mitaani na bahasha ya vyeti.

Wala si haki kumlaumu mzee anayeubania ujuzi wake. Amemwona mwenzake akihangaika kutafuta barua ya ajira ya kwanza isiyoonekana jaladani, huku mafao yakichelewa. Mtu mwenye hofu hiyo hawezi kumfundisha kwa moyo mweupe yule atakayekikalia kiti chake.

Kila mkuu wa idara hana budi kujua, walau miaka 3 kabla, ni nani anaondoka na ni jambo gani analijua yeye peke yake. Kijana akae naye meza moja, si kwa wiki ya mwisho tu. Mwalimu aliyewafundisha watoto wa darasa la kwanza kusoma kwa miaka 30 asimame darasani pamoja na mgeni kwa muhula mzima. Na jalada lake la mafao likaguliwe angali kazini, wakati waliotia saini barua zake bado wanapatikana.