Msimu Uliokatika Kabla ya Mavuno



Wapendwa waamini, Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, tuliwakuta baadhi yenu mmesimama kivulini mkijadiliana kwa sauti ya juu. Vijana walikuwa bado wakiomboleza kushuka daraja kwa Kagera Sugar mwaka 2025, jambo lililowaumiza wapenzi wengi wa soka wa mkoa wetu. Kutoka hapo mazungumzo yakahamia kwa wachezaji wa nchi mbalimbali ambao hugoma wakidai fedha zao. Mzee mmoja akasema kwa uchungu: “Mtu analipwa ili acheze mpira, kisha anagoma! Huyo hana shukrani.” Kijana mmoja akamjibu kwa adabu: “Tata, na yule aliyemwahidi kisha asimlipe, huyo ana nini?” Mzee akanyamaza. Nasi tukanyamaza, maana swali lile lilitufuata hadi nyumbani, na ndilo tunalotaka kulitafakari pamoja nanyi juma hili.

Tuanze na jirani zetu, maana ng’ambo ya Mutukula si mbali na hapa Kemondo. Mwaka 2019 timu ya taifa ya Uganda ilikwenda Misri kushiriki mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Ikaifunga Kongo mabao 2 kwa 0, ikatoka sare ya bao 1 kwa 1 na Zimbabwe, kisha ikafungwa na wenyeji Misri mabao 2 kwa 0. Hata hivyo ilivuka hatua ya makundi, jambo ambalo Waganda hawakuwa wameliona tangu mwaka 1978, timu yao ilipofika fainali na kufungwa na Ghana. Furaha ilikuwa kubwa. Lakini siku chache kabla ya kupambana na Senegal, wachezaji wakakataa kwenda mazoezini. Walisema fedha walizoahidiwa hawajazipata. Shirikisho lao la soka likajibu kwamba limekwisha kulipa yote yaliyokubaliwa katika hati waliyotia sahihi. Hatimaye wakaelewana, na tarehe 5 Julai wakaingia uwanjani. Sadio Mané akafunga bao moja, na safari ya Uganda ikaishia hapo.

Hatusemi kwamba mgomo ndio uliowafungisha. Senegal ilikuwa timu kubwa, nayo ilifika hadi fainali. Tunachokisema ni kwamba kila upande ulikuwa na maelezo yake ya ahadi ileile, na maelezo hayo hayakulingana. Wala Uganda haikuwa peke yake. Katika mashindano hayohayo wachezaji wa Zimbabwe walitishia kutocheza mchezo wa ufunguzi kwa sababu ya malipo. Mwaka 2014, katika Kombe la Dunia, serikali ya Ghana ililazimika kusafirisha kwa ndege hadi Brazil zaidi ya dola milioni 3 taslimu, ili wachezaji wake wakubali kuendelea. Mtu husafirisha noti kwa ndege pale tu neno lake linapokuwa halina thamani tena.

Sasa twende mbali zaidi, hadi Amerika Kaskazini, kwa mchezo ambao wengi wetu hatuujui. Huko huchezwa besiboli, mchezo wa kuupiga mpira mdogo kwa gongo, na kila timu hucheza michezo 162 kwa msimu. Mwaka 1994 wamiliki wa timu walitaka kuweka ukomo wa jumla ya mishahara ambayo timu inaweza kulipa. Walisema timu za miji midogo haziwezi kushindana na za miji mikubwa. Wachezaji walikataa, wakiona kwamba ukomo huo utawanyang’anya haki ya kupatana bei ya kazi yao. Mkataba wa zamani ulikuwa umekwisha muda wake tangu mwisho wa mwaka 1993, na mpya haukupatikana. Tarehe 12 Agosti wachezaji wakaweka chini zana zao. Tarehe 14 Septemba ikatangazwa kwamba msimu wote uliosalia umefutwa, pamoja na fainali kuu ambayo haikuwahi kukosekana tangu mwaka 1904. Vita viwili vya dunia vilipita bila kuifuta. Ilifutwa na watu waliokuwa wameketi chumba kimoja wakashindwa kuaminiana.

Mgomo ule ulidumu siku 232. Mwishoni mwa Machi 1995 jaji mmoja wa New York, Sonia Sotomayor, ambaye baadaye aliingia Mahakama Kuu ya Marekani, aliwaamuru wamiliki warudi kwenye masharti ya zamani hadi mapatano mapya yapatikane. Tarehe 2 Aprili mgomo ukakoma.

Ndugu zetu, katika habari hiyo imo timu moja inayostahili kukumbukwa. Iliitwa Expos, nayo ilikuwa ya mji wa Montreal, Kanada. Ilikuwa timu yenye mishahara iliyo miongoni mwa midogo kabisa, lakini mwaka ule ilikuwa imeshinda michezo 74 na kupoteza 40 tu. Siku mgomo ulipoanza, hapakuwa na timu yenye rekodi nzuri kuliko yake. Mashabiki wake walikuwa wakihesabu majuma hadi Oktoba. Oktoba ikafika bila mchezo. Msimu uliofuata, timu ikiwa haina fedha, wachezaji wake bora wanne waliondoka katika mwezi mmoja wa Aprili. Timu haikurudi tena katika hali ile. Baada ya msimu wa 2004 ikahamishiwa Washington, na Montreal ikabaki na kumbukumbu. Mgomo pekee haukuiua timu ile; uwanja wake ulikuwa mbovu, na wamiliki wake walibana fedha kwa miaka mingi. Hata hivyo tuone jambo hili la ajabu: wamiliki walisema wanapigania timu ndogo, na timu ndogo iliyokuwa bora kuliko zote ndiyo iliyopoteza zaidi. Wahenga wetu walikwisha kunena kwamba wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia.

Kwa habari hizo twaweza sasa kumjibu mzee wetu na kijana wetu, na jibu letu litawagusa wote wawili.

Kwanza, mzee wetu alikosea kuanza na shukrani. Mshahara si zawadi ambayo mpokeaji ashukuru kisha anyamaze. Ni haki. Mtume Yakobo anaonya kwamba ujira uliozuiliwa hulia, na kilio chake humfikia Bwana. Hivyo, tunaposikia kwamba watu wamegoma, swali la kwanza lisiwe, “Wanataka kiasi gani?” Swali la kwanza liwe, “Waliahidiwa nini, na nani, na lini?” Wengi wetu hulirukia lile la kwanza kwa sababu fedha za wengine huonekana nyingi machoni petu. Tunasema wachezaji wa Marekani walikuwa matajiri, kwa hiyo hawakuwa na haki ya kudai. Lakini ahadi ni deni kwa tajiri na kwa maskini. Tukikubali kwamba neno linaweza kuvunjwa kwa kuwa anayeumia anazo fedha, kesho tutakubali livunjwe kwa kuwa anayeumia hana sauti.

Pili, kijana wetu naye asidhani kwamba anayedai haki hana wajibu. Kanisa limelitazama jambo hili kwa muda mrefu. Papa Leo XIII aliandika juu ya hali ya wafanyakazi mwaka 1891, katika waraka uitwao Rerum Novarum. Papa Yohane Paulo II, aliyepata kuwa mfanyakazi wa machimbo ya mawe na wa kiwanda, alifundisha mwaka 1981 katika Laborem Exercens kwamba mgomo ni njia halali, lakini ni njia ya mwisho, isiyopaswa kutumiwa ovyo, na kwamba huduma zilizo za lazima kwa maisha ya watu zilindwe. Hata sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 huelekea huko: usuluhishi hutangulia, kura hupigwa, taarifa hutolewa, ndipo kazi isimame. Tuliionja sababu yake mwaka 2012, madaktari wa nchi yetu walipogoma. Madai yao hayakuwa ya kubezwa, lakini waliokaa hospitalini wakingoja hawakuwa wameahidi wala kuvunja chochote.

Vivyo hivyo mwaka 1994. Wachezaji waliuchagua mwezi wa Agosti kwa hesabu: sehemu kubwa ya mishahara yao ya mwaka walikuwa wamekwisha kuipokea, na fedha nyingi za wamiliki zilitegemewa Oktoba. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi kwa pande mbili zilizokuwa mezani. Lakini muuza vyakula nje ya uwanja, mfagiaji wa majukwaa na mlinzi wa lango hawakuwa mezani. Wao walipoteza ujira wa majuma yaliyosalia, wala hakuna aliyewaita kuwauliza. Mgomo unaweza kuwa wa haki, na bado ukamjeruhi asiye na hatia. Anayegoma kwa haki hana budi kumwona mtu huyo na kumhesabu kabla hajaweka zana chini.

Tatu, na hapa ndipo moyo wetu ulipo, tujitazame sisi wenyewe. Wengi hapa Kemondo hawana hata nguvu ya kugoma. Mpagazi wa bandarini akigoma leo, kesho mwingine atabeba mzigo ule. Binti wa kazi za ndani akigoma, atarudishwa kwao. Na mkulima wa kahawa, atagoma dhidi ya nani? Mibuni haimsikii. Mnaijua vema butura. Mwezi wa shida mtoto anadaiwa ada, au mgonjwa anahitaji dawa, naye mwenye fedha anakuja shambani wakati kahawa bado ni maua au punje mbichi, anatoa fedha kidogo, na mavuno yote yanakuwa yake. Serikali imeikataza mara nyingi, viongozi wameikemea mara nyingi, nayo imeendelea gizani. Huo nao ni msimu uliokatika kabla ya mavuno. Tofauti ni kwamba msimu wa Montreal uliandikwa katika magazeti ya dunia, na msimu wa jirani yetu hauandikwi popote. Anayenunua butura husema, “Tulikubaliana.” Ni kweli mlikubaliana, lakini mmoja wenu alikuwa ameshikwa koo na njaa. Makubaliano ya namna hiyo tusiyaite mapatano.

Wala tusiwanyoshee kidole wafanyabiashara peke yao. Ni wangapi kati yetu, tuketio viti vya mbele kanisani, tunadaiwa mishahara ya miezi miwili na mtu anayetupikia na kutuchotea maji? Ni wangapi tumemwambia fundi, “Njoo kesho,” hadi kesho hizo zikawa kumi? Nasi tulio watumishi wa Altare hatuna budi kukiri kwamba makatekista wetu mara nyingi huambiwa wangoje thawabu ya mbinguni, ilhali baiskeli zao zinahitaji matairi hapa duniani. Hawajagoma. Tusiuchukue uvumilivu wao kuwa ni ushahidi kwamba hatudaiwi.

Tunajua wengine watasema kwamba maisha ni magumu kwa wote, na kwamba mwenye kulipa naye hungoja kulipwa. Ni kweli. Mtu anaweza kukosa fedha bila kuwa mwovu. Lakini aliyekosa fedha hakukosa ulimi. Anaweza kumwita anayemdai na kumweleza kweli kabla ya siku kufika, badala ya kuzima simu siku ikifika. Misimu mingi ingeokolewa na mazungumzo ya namna hiyo. Msimu wa 1994 haukufa Agosti. Ulianza kufa tangu mkataba ulipokwisha na kila upande ukaona afadhali kungoja mwenzake aogope kwanza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kuna jambo moja dogo ambalo twapenda kuwaachia. Mwaka ule ule wa 1994, mjini Chicago, timu ya White Sox nayo ilikuwa ikiongoza kundi lake, na msimu wake ukakatika vilevile. Miongoni mwa watu waliokua wakiipenda timu hiyo alikuwamo mtawa mmoja wa Shirika la Mtakatifu Augustino, ambaye wakati huo alikuwa mmisionari huko Trujillo, Peru. Tarehe 8 Mei 2025 mtawa huyo alichaguliwa kuwa Papa, akajiita Leo XIV, na siku mbili baadaye akawaeleza makardinali kwamba jina hilo alilichagua hasa kwa ajili ya Leo XIII na waraka wake juu ya wafanyakazi. Hatudai kwamba besiboli ndiyo iliyomfundisha. Lakini shabiki wa timu ile anajua vema kwamba mapatano ya kazi yakivunjika, hata furaha ya watoto jukwaani huvunjika.

Basi juma hili tuwaombe jambo moja linalowezekana. Kabla ya Dominika ijayo, kila mmoja wetu amkumbuke mtu mmoja anayemdai ujira. Aliye nazo fedha, amlipe. Asiye nazo, amwendee, amtaje kwa jina lake, amwambie siku, kisha ailinde siku hiyo. Na mwenye kahawa ya jirani aliyoinunua ikiwa maua, akae na jirani huyo waitazame upya bei kabla ya mavuno. Tutakapokutana tena kivulini baada ya Misa, mzee wetu na kijana wetu wataendelea kubishana kuhusu mpira, nasi tutabishana nao kwa furaha. Ila tunatamani siku hiyo fundi, mpagazi na binti wa kazi nao wasimame nasi kivulini, wakiwa hawamdai mtu.