Taa nne, swichi moja: fundi amekata waya upi?

Nyumba nyingi za Bombambili, Lizaboni na Mjimwema hujengwa kidogo kidogo. Vyumba viwili leo, kibaraza mwakani, choo cha ndani mahindi yakiuza vizuri. Umeme nao hufuata mwendo huo huo. Fundi anaitwa kuongeza taa moja, kisha nyingine, mpaka taa nne za nje zinawashwa na swichi moja ya sebuleni. Songea ilipounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018, kwa laini ya kilovoti 220 kutoka Makambako, mji uliacha kutegemea majenereta ya dizeli. Waya za ndani ya nyumba zilibaki zile zile.

Taa nyingi kwenye swichi moja si kosa. Balbu sita za LED za wati 9 ni wati 54 tu. Kwa umeme wa volti 230 hiyo ni kama robo ampea, mzigo mdogo kwa swichi yoyote ya maana. Muhimu ni kila taa ipate laivu na nyutro yake. Zikiungwa moja baada ya nyingine kama shanga, zote hufifia, na moja ikiungua zote zinazimika.

Kwa mzazi, hatari iko kwingine. Swichi inatakiwa ikate waya wa laivu. Fundi wa haraka haraka akikata nyutro, taa itawaka na kuzimika vizuri kabisa, wala hakuna atakayeshuku. Lakini taa ikiwa imezimwa, umeme bado uko kwenye holda. Kijana anayepanda stuli kubadilisha balbu, akiamini ameshazima, anaingiza vidole kwenye volti 230. Dalili mojawapo ni balbu ya LED kubaki na mwanga hafifu baada ya kuzimwa. Huenda sababu ikawa nyingine, ila inatosha kumwita fundi mwenye leseni ya EWURA aje na testa yake. Mpaka hapo balbu abadilishe mtu mzima, tena mein swichi ikiwa imezimwa.

Kuna tabia mbaya zaidi: kuchomoa soketi kutoka kwenye waya wa taa. Waya wa taa kwa kawaida ni wa milimita 1.5 za mraba, wa soketi 2.5. Birika la wati 2,000 huvuta karibu ampea 9. Breka ya taa ikijikata kila mara, wengine huweka kubwa zaidi, na kelele zinaisha. Sasa waya ndio unaochemka, juu ya dari, watoto wamelala chini yake.

Mtoto akipigwa na umeme, usimshike. Zima mein swichi kwanza. Ikishindikana, simama juu ya kitu kikavu na umsukume kwa mti mkavu au mpini wa ufagio. Kama hapumui, anza kumkandamiza kifua na mwingine aite msaada. Palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno ibaki kabatini. Kisha apelekwe hospitali, hata kama anacheka na kuomba chai. Umeme unaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na alama ndogo kama punje ya mtama kidoleni inaweza kuficha nyama iliyoungua ndani.