BUNGE LIANDIKIWE WASIOSIKIA



Wako waliosema kwamba neno hili si la chama cha wafanya kazi, ni la hospitali. Sisi twakataa. Ni nani aliyeziba masikio ya wazee wetu? Ni nyundo za karakana, ni ribiti, ni honi na injini za dizeli, mwaka baada ya mwaka. Kanuni za kelele kazini za 2005 ziliweka mpaka wa desibeli 90 kwa saa 8, lakini waliotangulia waliingia kazini na pamba tu masikioni, na wengine hata pamba hawakuwa nayo.

Mzee kama huyo leo anakaa mbele ya televisheni, Bunge linazungumza habari za pensheni, naye haambulii kitu. Anamwuliza mjukuu, "Wamesema nini?" Anajibiwa, "Nitakuambia baadaye, babu." Hiyo baadaye twaijua.

Twaambiwa Katiba ya 2010, kifungu cha 120, imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Ni jambo jema kabisa, na waliolipigania twawashukuru. Lakini mtu aliyepoteza masikio akiwa na miaka hamsini hakulelewa katika ishara. Anachojua ni kusoma. Basi aandikiwe chini ya picha, wakati ule ule neno linaposemwa! Wengine hutujibu kwamba Hansadi ipo. Hansadi hutoka kikao kimekwisha. Ni sawa na kumwuzia mtu tikiti ya gari moshi lililokwisha kuondoka.

Ati haiwezekani? Wako waandishi wa mashine ya stenografia, ambayo vitufe vyake hubonyezwa kadhaa kwa pamoja kama kinanda cha kanisani, silabi nzima kwa mara moja; aliye hodari hupita maneno 200 kwa dakika. Wengine huyarudia maneno ya msemaji katika maikrofoni, kompyuta ikaandika, nao wakasahihisha. Na hizo lugha mbili si kisingizio. Kanuni za Bunge la Taifa zenyewe zasema mbunge aanzaye kwa lugha moja amalize kwa hiyo hiyo (ingawa waheshimiwa wengine huchanganya kama makanga wa matatu). Mwandishi wa Kiswahili akae, na wa Kiingereza akae, kila mmoja ashike zamu yake. Tusikubali Kiingereza kiandikwe na Kiswahili kiachwe. Mwaka 1974 Kiswahili kilipoingia Bungeni walikuwapo waliokibeza.

Tena hii ni kazi. Vijana wetu wafundishwe, walipwe vema, wapokezane kwa muda mfupi, maana vidole huchoka kama mgongo uchokavyo.

Makatibu wa matawi waandike majina ya wanachama na wastaafu wenye shida ya masikio, yaletwe mkutano ujao. Barua itakwenda kwa Karani wa Bunge, nayo itaandikwa kwa Kiswahili.