Elimu ya elektroniki ipite mikononi mwa wanafunzi

MWANAFUNZI wa kidato cha tatu katika shule nyingi za sekondari nchini anaweza kuitamka Kanuni ya Ohm bila kusita. Anaweza pia kuiandika ubaoni na kuifanyia hesabu kwa usahihi. Lakini apewapo tochi iliyokataa kuwaka, mwanafunzi huyo huyo huigeuza huku na huku, akaipigapiga kiganjani, kisha akaipeleka kwa fundi wa mtaani ambaye pengine hakupata kukaa katika darasa la fizikia hata siku moja. Jambo hili si la kuchekesha. Ni dalili ya elimu iliyoishia kwenye karatasi, na wenye uwezo wa kuirekebisha ni walimu wenyewe, wakisaidiwa na maofisa wanaosimamia elimu na mali ya umma.

Njia za kuirekebisha ni nyingi. Iko moja ambayo huenda ikawashangaza baadhi ya wakuu wa shule, nayo ni kuwaongoza vijana waunde vyombo vidogo vya elektroniki kwa mikono yao, shuleni na majumbani, wakianza na kile kisanduku anachokikanyaga mpiga gitaa la umeme ili kubadili sauti ya chombo chake. Wapiga muziki hukiita pedali. Akionapo kisanduku hicho jukwaani, kijana hudhani kwamba mna ajabu kubwa ndani yake. Akikifungua, hukuta betri, swichi, nyaya, na vipande vichache vya elektroniki ambavyo majina yake yote yamo katika kitabu chake cha fizikia.

Historia ya kisanduku hicho yenyewe ni funzo. Mwishoni mwa mwaka 1960, katika studio moja ya mji wa Nashville, Marekani, ulikuwa ukirekodiwa wimbo wa mwimbaji Marty Robbins. Mashine ya kuchanganyia sauti ikaharibika, na gitaa la besi la Grady Martin likatoka likikwaruza kama mtu aliyepwelewa sauti. Wimbo huo ulitolewa mwaka 1961 na mkwaruzo wake, na watu wakaupenda. Fundi mitambo aliyekuwapo, Bwana Glenn Snoddy, aliichunguza hitilafu ile na kuunda saketi ya transista iliyoweza kuileta kwa makusudi. Kampuni ya Gibson iliichukua saketi hiyo na mwaka 1962 ikaiingiza sokoni kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Mwaka 1965 ilisikika katika wimbo maarufu wa kundi la Rolling Stones, na tangu hapo biashara ya visanduku vya aina hiyo haikurudi nyuma. Yapo mashine ngapi zilizoharibika katika maofisi na shule ambazo hakuna aliyewahi kuzifungua ili kuuliza zimeharibikaje?

Pedali nyingine mashuhuri, Fuzz Face, ilianza kuuzwa London mwaka 1966. Ilitumiwa na mpiga gitaa Jimi Hendrix, na sauti yake imesikika duniani kote. Ndani yake mlikuwa na transista 2, vikinza 4, kapasita 3, na vikinza 2 vya kuzungusha kwa kitasa, basi. Vipande 11 tu, vikiendeshwa na betri moja ya volti 9. Ni wazi kwamba chombo cha namna hiyo hakihitaji kiwanda. Kijana mwenye subira anaweza kukiunda juu ya meza kwa muda wa siku mbili au tatu, na wengi katika nchi mbalimbali wamekwisha kufanya hivyo. Mwaka 1975 mwandishi Craig Anderton wa Marekani alitoa kitabu kizima cha kuwafundisha wapiga muziki kujiundia vyombo vyao, na watu waliokuwa hawajapata kushika chuma cha lehemu walijifunzia humo.

Mwalimu wa fizikia na aitazame kazi hiyo kwa jicho la kazi yake. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme mna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku hiyo, umeme mdogo sana huzaliwa katika waya, kiasi kisichofika hata volti moja. Hiyo ni mada ya sumaku-umeme. Umeme huo huingia katika transista, ambayo huukuza mara nyingi. Lakini hauwezi kukuzwa bila kikomo, kwa sababu betri ina volti 9 tu na wimbi haliwezi kupanda kupita hapo. Vilele vya wimbi hukatwa, na wimbi lililokuwa la mviringo hukaribia kuwa la mraba. Wimbi la namna hiyo hubeba ndani yake mawimbi mengine ya kasi ya mara mbili, mara tatu na zaidi, na hayo ndiyo sikio huyasikia kama mkwaruzo. Mada ya mawimbi, ambayo wanafunzi wengi huikariri kwa uchungu, hapa husikika chumba kizima.

Kanuni ya Ohm nayo hupata kazi. Tuseme kijana anataka kuweka taa ndogo ya dayodi ionyeshe kwamba pedali imewashwa. Taa hiyo hutumia kama volti 2, na betri ina volti 9. Zinabaki volti 7, ambazo hazina budi kuangukia kwenye kikinza. Akiweka kikinza cha ohm 1,000, mkondo utakuwa 7 kugawa kwa 1,000, yaani miliampia 7, na taa itawaka salama. Akisahau kikinza, taa itakufa mbele ya macho yake. Mwanafunzi aliyeunguza taa moja kwa njia hiyo haihitaji tena kanuni hiyo isomwe ubaoni. Na kikinza chenyewe hukitambua kwa mistari yake ya rangi: kahawia, nyeusi na nyekundu ni ohm 1,000. Katika muda wa juma moja huzisoma rangi hizo kama asomavyo herufi.

Yapo mengine zaidi. Akibadili kapasita ya kuingizia sauti kwa kubwa zaidi, husikia besi ikiongezeka, na hapo hufahamu kwa nini kapasita huitwa chujio. Akitumia transista za zamani za jerimani, ataona kwamba chombo kinachofanya kazi vizuri asubuhi hubadilika sauti mchana wa jua kali, kwa kuwa mkondo unaovuja katika jerimani huongezeka kadiri joto linavyopanda. Hapo ataelewa kwa nini viwanda viliiacha jerimani na kuifuata silikoni. Haya yote ni masomo ya kidato cha nne na cha sita, na maabara iliyoyatoa yatosha juu ya dawati moja.

Watasema baadhi ya watu kwamba muziki ni starehe, na kwamba si heshima shule kujiingiza katika mambo ya magitaa. Hoja hiyo haina mizizi. Bwana Roger Mayer, aliyemwundia Jimi Hendrix kifaa kilichosikika katika rekodi zake za mwaka 1967, alikuwa mtumishi wa serikali: alifanya kazi ya utafiti wa sauti na mitikisiko katika idara ya majeshi ya majini ya Uingereza, na visanduku vya gitaa aliviunda kwa wakati wake mwenyewe. Mwaka 1963 kijana wa shule aitwaye Brian May alianza kuunda gitaa la umeme nyumbani kwao pamoja na baba yake, naye mtumishi wa serikali, mchoraji wa michoro ya ufundi. Mbao walizitoa katika fremu ya zamani ya mahali pa kuotea moto, springi katika injini ya pikipiki, na vidoti vya shingoni katika vifungo vya nguo. Kazi hiyo iliwachukua kama miaka miwili. Gitaa hilo May amelipiga ulimwenguni kote katika kundi la Queen, na mwaka 2007 alipata shahada ya udaktari katika sayansi ya anga. Mikono iliyopiga randa fremu ile haikumzuia kusoma.

Katika kundi hilo hilo, mpiga besi John Deacon, mhitimu wa elektroniki wa mwaka 1971, aliokota ubao wa saketi jalalani London, akautia katika kasha la spika, akaunganisha na betri ya volti 9, na kupata kikuza sauti kilichotumika katika rekodi nyingi za kundi. Mwimbaji wao, ambaye dunia inamfahamu kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946. Wananchi wanaojivunia sauti ya mzaliwa huyo wa Visiwani wangefanya vizuri kukumbuka kwamba nyuma ya sauti hiyo mlikuwa na vyombo vilivyoundwa mezani nyumbani na kuokotwa jalalani.

Wala haifai kudhani kwamba ubunifu wa namna hii ni mali ya Ulaya peke yake. Mjini Kinshasa, Mawangu Mingiedi alianzisha katika miaka ya 1960 kundi lililokuja kujulikana kwa jina la Konono N°1. Alitaka ngoma na likembe za kwao zisikike juu ya kelele za mji, na vyombo vya dukani hakuwa navyo. Akaunda vinasa sauti kwa sumaku zilizotolewa katika magari mabovu, na spika zilizochakaa zikakwaruza sauti. Mkwaruzo huo, ambao wengine wangeuona kasoro, ukawa ndio utambulisho wa kundi, na albamu yao ya mwaka 2004 iliwafikisha katika majukwaa ya nchi nyingi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Pedali zilizotengenezwa viwandani sasa zinauzwa kwa bei ya chini, na mara nyingi kijana atakayenunua vipande kimoja kimoja, kasha na swichi, atatumia fedha nyingi kuliko anayenunua kilicho tayari. Hilo ni kweli, na mwalimu asiwadanganye wanafunzi wake kwamba wataokoa fedha. Lakini shule hailimi bustani yake kwa sababu mchicha hauko sokoni. Anayenunua kisanduku kilichofungwa hubaki na kisanduku, kikiharibika hukitupa. Aliyekiunda anaweza kukitengeneza, na baada ya hapo anaweza kutengeneza redio, chaja ya simu ya jua, na king'ora cha mlangoni. Dunia ilitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme na elektroniki katika mwaka 2022, na haikufika robo iliyokusanywa na kurejelezwa kwa njia inayofahamika. Nchi inayonunua bila kujua kutengeneza hujigeuza jalala kwa fedha zake yenyewe.

Hoja ya tatu ni ya usalama, nayo isipuuzwe hata kidogo. Kazi ya wanafunzi wanaoanza na iishie kwenye betri. Umeme wa ukutani wa volti 230 huua, na vikuza sauti vya valvu vina volti mia kadhaa ambazo hubaki katika kapasita hata baada ya kuchomolewa. Televisheni za kioo kikubwa za zamani zisifunguliwe na mwanafunzi. Lehemu ya kawaida ina risasi. Basi dirisha liwe wazi, mikono inawiwe kwa sabuni baada ya kazi, na chakula kisiwekwe juu ya meza hiyo. Kuchoma vyombo vibovu ili kupata shaba kupigwe marufuku kabisa shuleni, kwa maana moshi wake ni sumu.

Baada ya hayo, kilichobaki ni utekelezaji. Andiko la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967 lilionya juu ya elimu inayomfanya kijana aamini kwamba maarifa yote ya maana yamo vitabuni. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, nayo imeweka mkondo wa amali katika elimu ya sekondari. Maneno hayo ni mazuri, lakini maneno hayashiki lehemu. Shule inayotaka kuanza haihitaji kungoja jengo. Inahitaji chuma kimoja cha lehemu kwa kila kikundi cha wanafunzi watano, mita ya kupimia umeme ambayo mafundi huiita testa, ubao wa kuchomekea vipande usiohitaji lehemu, na alasiri moja kwa juma. Pale ambapo mwalimu hana uzoefu, fundi redio wa mtaani na akaribishwe shuleni kwa heshima, akae na wanafunzi na aeleze anavyotafuta ubovu. Fundi huyo naye atajifunza kwa mwalimu sababu ya yale anayoyajua kwa mazoea.

Watumishi wa umma nao wana sehemu yao. Katika stoo za maofisi mengi hulala redio, vinasa sauti na vipaza sauti vibovu, vikingoja kufutwa katika daftari la mali. Vingi huoza humo kwa sababu hakuna aliyeandika barua. Maofisa wanaohusika na wafuate taratibu za kuondosha mali chakavu, na ndani ya taratibu hizo waone jinsi vyombo vinavyofaa vinavyoweza kufika katika shule za jirani, baada ya vile vya hatari kutengwa. Redio moja mbovu ina transista, vikinza na kapasita za kutosha kufundishia muhula mzima, na spika yake huenda bado ni nzima.

Wazazi, kwa upande wao, wasimkaripie mtoto anayefungua redio iliyokufa, mradi haiko kwenye umeme. Wamwulize ameona nini ndani. Siku atakapoifunga tena na ikasema, hata kwa sauti ya kukwaruza, nyumba hiyo itakuwa imepata fundi, na mwalimu wake atakuwa amepata mwanafunzi anayejua kwamba kanuni za ubaoni zinahusu vitu vilivyomo duniani.