Mtunzi Akinyamaza

Kila mwaka Majilio yanapokaribia, katika korali zetu husikika swali lile lile: je, mwaka huu tuna wimbo mpya wa Noeli? Mwaka mmoja tuliuliza swali hilo, na kijana aliyezoea kutuletea nyimbo akainamisha kichwa. Daftari lake lilikuwa mkononi, lakini hakulifungua. Alisema tu: «Baba mwalimu, hakuna kinachokuja.» Tukaimba nyimbo za zamani, Noeli ikapita salama, wala hakuna aliyelalamika sana. Lakini kijana yule hakuleta wimbo wakati wa Pasaka, wala wa Pentekoste, wala mwaka uliofuata.

Ndipo yakaanza maelezo. Wengine walisema ametupiwa kitu na mtu mwenye wivu. Wengine walisema karama imeondolewa kwake kwa sababu ya mwenendo wake. Walio wapole zaidi walimshauri asubiri, kwa kuwa wimbo ni kama upepo, huvuma unapotaka. Maelezo haya matatu yana jambo moja la kufanana: yote yanamwacha mtunzi ameketi peke yake, mikono mitupu, akingoja nguvu nyingine ije kumfungua. Sisi tunayakataa yote matatu, na la tatu tunalikataa kuliko mengine, kwa sababu ndilo lililovaa vazi zuri.

Sisi tuliosomea ualimu tunajua kwamba mtoto anayekataa kusoma kwa sauti mbele ya darasa mara nyingi anajua kusoma vizuri. Siku moja alisoma, akakosea neno, darasa likacheka. Tangu siku ile anapoona kitabu huona kwanza kicheko. Tunaamini kwamba ukame wa watunzi wengi ni wa namna hiyo, nao si wa vijijini mwetu tu.

Mwaka 1897, katika mji wa Saint Petersburg, simfoni ya kwanza ya mtunzi Mrusi, Sergei Rachmaninoff, ilipigwa mbele ya watu. Alikuwa hajatimiza miaka 24, na walimu wake walimtegemea sana. Okestra haikuwa imefanya mazoezi ya kutosha, na kazi ikaanguka vibaya. Mhakiki mmoja, César Cui, ambaye naye alikuwa mtunzi, aliifananisha simfoni hiyo na mapigo ya Misri. Kwa muda wa miaka kama mitatu kijana yule karibu hakutunga kitu cha maana. Tuangalie vizuri: mikono yake haikupooza. Aliendelea kupiga piano na kuongoza okestra ya opera. Aliweza kuzitumikia kazi za wengine. Yake mwenyewe ndiyo iliyomshinda. Na simfoni ile haikupigwa tena mpaka alipokuwa amekwisha kufa. Ilipopigwa tena mwaka 1945, wasikilizaji waliipokea vizuri. Yaani hukumu iliyomfunga mdomo haikuwa hata hukumu ya haki.

Hapa hatuna budi kuungama, kwa maana tukimnyoshea kidole mhakiki wa Saint Petersburg tutakuwa tumejisahau. Miezi michache kabla ya Majilio yale, kijana wetu alituletea wimbo wa kutoa vipaji. Tulilichukua daftari lake mbele ya korali yote, tukatoa kalamu nyekundu. Tulisahihisha viambishi. Tulipiga mstari chini ya neno alilochukua katika lugha ya mama yake, tukaandika pembeni lile la Kiswahili safi. Tulimwambia kwamba ubeti wa pili unafanana na wimbo fulani unaojulikana. Yote tuliyoyasema yalikuwa kweli, na tuliyasema kwa nia njema, kama tulivyozoea darasani kwa zaidi ya miaka ishirini. Watu wa sauti ya pili walicheka kidogo. Wimbo ule haukuimbwa kamwe. Ilitupasa kupita Noeli mbili bila wimbo mpya ndipo tukaunganisha mambo hayo mawili. Labda tulikuwa wa mwisho katika korali kuyaunganisha.

Basi, mtu wa namna hii anafunguliwaje? Kisa cha Rachmaninoff kinatusaidia tena. Mwanzoni mwa mwaka 1900 jamaa zake walimpeleka kwa daktari aliyeitwa Nikolai Dahl, ambaye mwenyewe alipenda muziki na kuupiga. Kuanzia Januari hadi Aprili mgonjwa alimwendea kila siku. Daktari yule alitumia njia ya kumtuliza mtu mpaka awe kama anasinzia, kisha kumwambia mara kwa mara kwamba atatunga, na kwamba kazi itakuwa nyepesi mikononi mwake. Kuhusu njia hiyo hatuna la kusema. Sisi si waganga. Kinachotugusa ni kwamba kulikuwa na mtu mmoja aliyempokea kila siku, kwa miezi mitatu na zaidi, akamwambia neno jema bila kuchoka, wala hakudai kuona daftari. Konserto ya pili ya piano, ambayo leo inapigwa duniani kote, mtunzi aliiweka wakfu kwa daktari huyo.

Jambo jingine katika konserto ile halisemwi sana, nasi tunaliona kuwa kubwa. Kazi hiyo ina sehemu tatu. Sehemu ya pili na ya tatu ndizo zilizotangulia kuandikwa, na zilipigwa mbele ya watu Desemba 1900 wakati sehemu ya kwanza haijakamilika. Ya kwanza ilikuja mwisho, na kazi nzima ikasikika mwaka 1901. Mtu aliyekuwa amefungwa hakupitia mlangoni. Aliingia kwa dirisha lililokuwa wazi. Sisi walimu tumewafundisha watoto kwamba insha ina mwanzo, kati na mwisho, na ni kweli, insha iliyokwisha andikwa inavyo vyote vitatu. Lakini tumewafanya waamini kwamba asiyepata mwanzo hana ruhusa ya kuendelea. Ni watunzi wangapi wenye kiitikio kizuri mdomoni, wanakaa nacho mwaka mzima kwa sababu ubeti wa kwanza haujapatikana?

Lakini twende karibu na nyumbani, maana huenda msomaji atasema mambo ya okestra za Urusi hayatuhusu. Kamina iko katika nchi yetu. Huko, mwaka 1958, iliimbwa kwa mara ya kwanza ile Misa ambayo ulimwengu unaijua kwa jina la Missa Luba. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikuwa amekusanya korali ya wavulana 45 hivi na walimu 15 wa shule. (Turuhusiwe kujivunia kidogo wale walimu.) Misa hiyo haikutoka mezani kwa mtu mmoja aliyejifungia chumbani na karatasi ya noti. Ilizaliwa katika kuimba kwa pamoja: mmoja akianzisha, wengine wakimjibu, wakijaribu na kurudia mpaka wimbo ukakaa mahali pake. Na hawakuanza kutoka utupu. «Bwana utuhurumie» yao iliufuata mtindo wa kasala, ambao watu wa Kiluba huutumia katika maombolezo. «Mtakatifu» ilijengwa juu ya wimbo wa kuagana. Walikamata kilichokuwa tayari vinywani mwa mama zao. Ni haki pia kusema kwamba jina la padri lilijulikana duniani kuliko majina ya wale wavulana na walimu, na jambo hilo linatuumiza hata leo.

Miaka kumi na miwili kabla yake, mwaka 1946, huko Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji iliyoitwa Le Hangar. Kanuni yake ilikuwa kutowawekea wanafunzi picha za Ulaya wazinakili. Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole. Pilipili Mulongoy alijaza karatasi zake samaki, ndege na nyoka. Mwenze Kibwanga alitumia mistari mifupi mifupi iliyosongamana kama ususi wa mkeka. Watu watatu chini ya paa moja, kila mmoja na mkono wake. Hatusemi kwamba bwana yule hakuwa na makosa. Mzungu anayemwambia Mwafrika abaki katika asili yake naye anaweza kumjengea ua. Lakini kwa jambo moja alitushinda sisi wenye kalamu nyekundu: hakuweka kielelezo mbele ya mtu kabla mtu huyo hajaonyesha kilicho chake.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya, na tunajua wako viongozi wa korali watakaoyapinga. Mtunzi aliyekauka asiambiwe angoje. Apewe kazi ndogo, yenye siku yake na watu wake: kiitikio cha mistari miwili kwa ubatizo wa Jumapili ijayo, wimbo wa kumwaga bibi fulani aliyeimba nasi miaka mingi. Aruhusiwe kuleta kitu kibovu. Masahihisho yawepo, ndiyo, kwa sababu wimbo wenye mafundisho yaliyopotoka au maneno yasiyoeleweka hauwezi kuingia katika Misa. Lakini yaje baada ya wimbo kuimbwa mara kadhaa, tena yasemwe pembeni, watu wawili wakiwa wameketi. Wanaotuambia kwamba kwa njia hii tutaimba nyimbo dhaifu wanasema kweli. Tutaimba dhaifu kadhaa. Korali isiyokubali hasara hiyo itabaki na nyimbo za marehemu.

Tulimwendea kijana yule nyumbani kwake. Hatukumwomba wimbo. Tulimwambia kuhusu siku ile ya kalamu, kwamba tulikosa. Alicheka, akasema amekwisha sahau, na tukajua kwamba hajasahau. Tukarudi wiki iliyofuata, na nyingine, tukazungumza juu ya mihogo na karo ya shule. Wiki ya tano au ya sita alituimbia kiitikio kimoja, akiwa amesimama mlangoni kama mtu anayetaka kutoka. Ndani yake lilikuwamo lile neno la lugha ya mama yake.

Jumamosi tulikipeleka katika mazoezi. Baada ya kukiimba mara tatu, mama mmoja wa sauti ya kwanza, ambaye hajui kusoma noti, alianza kuweka maneno yake katikati, kwa namna wanavyoimba wanawake wanapopalilia, na wengine wakamjibu. Kijana alitoa daftari akaandika haraka haraka. Sasa tunacho kiitikio, na tunao ubeti wa pili na wa tatu. Wa kwanza bado haujapatikana, na Majilio yamebaki majuma manne.