Acheni Kufungua Grafu Mpya Kila Dakika!

Jamani waandishi wa programu, kuanzia Ruiru hadi Thika, tabia hii imezidi. Data mpya ikifika, mnafungua grafu nyingine kabisa! Kwani ukiongeza maji kwenye sufuria hununua sufuria mpya?

Shamba moja nje ya Thika lina kifaa kinachopima maji ya tangi kila dakika. Programu yake, ya Python na matplotlib, inaita figure() kwa kila kipimo bila kufunga cha zamani. Siku moja ni madirisha 1,440! Matplotlib hutoa onyo yakizidi 20, lakini nani alilisoma? Kumbukumbu ya kompyuta ikajaa, skrini ikaganda ikionyesha tangi limejaa. Mwenye zamu akaiamini. Miche ikakauka.

Mtasema kompyuta za leo zina nguvu. Zenu, labda. Ya pale shambani ni kuukuu, na haizimwi.

Dawa ni hii: chora mstari mara moja, uupe namba mpya kwa set_data, kisha ita draw_idle na flush_events. Wa gnuplot, iliyopo tangu 1986, tumieni amri ya replot. Dirisha ni lile lile.

Tena, fungeni kipimo cha wima, tuseme mita 0 hadi 3. Kikijipanga chenyewe, sentimita 2 zitaonekana kama tangi limepasuka. Na andikeni juu ya grafu saa ya kipimo cha mwisho, ili ikiganda mtu ajue.

Ni mistari mitano tu. Uvivu huu analipa mkulima, si nyinyi.