Sugu ya Begani

Jumapili nilimtoa mchumba matembezi. Kutoka kwetu Mbegani hadi Bagamoyo mjini si mbali, tukaingia Caravan Serai, jumba dogo la makumbusho, pale misafara ya bara ilipokuwa ikipumzika.

Sasa sikiliza. Binti anajua naandika gazetini, basi. Hajui kwamba safu hii hailipi kodi ya chumba, na kwamba alfajiri nabeba matenga ya samaki kutoka mashuani. Nilimficha kwa haya.

Mle ndani tukapewa habari za wapagazi wa karne ya 19, wengi wao Wanyamwezi. Ujiji, Tabora mpaka hapa, zaidi ya kilometa 1,000 kwa miguu, kila mtu na kilo 30 hivi begani! Pembe za ndovu kuja, nguo na shanga kurudi. Tena si wote watumwa, wengi walipatana ujira, na Unyamwezini kijana ambaye hajafika pwani alichekwa.

"Babu yake bibi alikuja hivyo hivyo," binti akasema. "Kwetu anasifiwa mpaka leo."

Nikavuta kola ya shati, nikamwonyesha sugu.

Akaigusa. "Kumbe ndiyo ile harufu ya samaki!"

Mkono hakuuondoa.